Dawa ya Maumivu Iliyomo Mwilini: Endofini Katika Mimba, Uzazi na Tendo la Ndoa

Mjamzito wa leo, hasa wa mjini, hakosi washauri. Kuna kliniki, kuna mama mkwe, kuna kundi la WhatsApp la akina mama watarajiwa, na kuna wakufunzi wa mazoezi ya wajawazito. Miongoni mwa mambo anayoyasikia sana ni kwamba hana haja ya kuogopa uchungu, kwa kuwa mwili wake unajitengenezea dawa ya maumivu yenye nguvu kuliko sindano ya hospitali. Dawa hiyo inaitwa endofini. Anaambiwa ndiyo itakayomvusha leba, ndiyo itakayomjaza mapenzi atakapowekewa mtoto kifuani, na ndiyo hiyohiyo inayoleta utulivu baada ya tendo la ndoa.

Ukweli umo katika maneno hayo, ila umetiwa chumvi. Endofini ipo, inafanya kazi, na imechunguzwa tangu miaka ya 1970. Lakini yaliyothibitishwa ni machache kuliko yanayotangazwa, na tofauti hiyo haiwahusu wasomi peke yao. Inamgusa mama anayeomba kitu cha kumtuliza akajibiwa avumilie, mwili unajua kazi yake. Endofini hupunguza makali ya uchungu, haiuondoi. Hakuna mama anayeweza kuiamuru itoke, wala mkunga anayeweza kuipima kitandani ajue mzazi wake amejaliwa kiasi gani. Kwa hiyo si haki kuifanya kipimo cha ujasiri wa mwanamke, na si haki kuifanya kisingizio cha kumnyima msaada.

Kutoka afyuni hadi tezi za ngamia

Chanzo cha habari hii ni afyuni. Binadamu aliitumia kwa maelfu ya miaka kabla mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, hajatenga mofini kutoka humo mwanzoni mwa karne ya 19. Madaktari wakaitumia mofini kwa zaidi ya miaka mia moja bila kujua inatulizaje maumivu. Mwaka 1973, Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba ubongo una vipokezi maalumu ambavyo mofini hujishikiza kwavyo. Hapo swali likajileta lenyewe: kwa nini ubongo uwe na mahali palipoandaliwa kwa ajili ya utomvu wa mmea? Jibu lililoingia akilini lilikuwa kwamba mwili wenyewe unatengeneza kitu cha jamii ya mofini.

Miaka miwili baadaye John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, walikipata kitu cha namna hiyo kwenye ubongo wa nguruwe. Kule California, Choh Hao Li alikuwa na tezi za pituitari, zile zilizo chini ya ubongo, za ngamia alizozipata kwa shughuli nyingine kabisa, ya kutafuta homoni inayoyeyusha mafuta. Ndani yake akakuta mnyororo wa asidi amino 31. Mnyororo huo ulipoingizwa moja kwa moja kwenye ubongo wa wanyama, ulituliza maumivu kupita mofini. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1976, na leo tunauita beta-endofini.

Beta-endofini haitoki peke yake. Hukatwa kutoka kwenye protini kubwa zaidi, na protini hiyohiyo ndiyo inayotoa ACTH, homoni inayoziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage kotisoli wakati wa msukosuko. Kwa maneno mengine, homoni ya taharuki na homoni ya kutuliza hupikwa chungu kimoja. Jambo hili ndilo ufunguo wa mada nzima. Endofini ikipanda kwenye damu, haimaanishi kwamba mtu amestarehe. Mara nyingi maana yake ni kwamba yuko taabani na mwili unajaribu kumwokoa.

Mwili unavyojiandaa wakati wa mimba

Ushahidi wa wazi kwamba mimba yenyewe hubadilisha namna ya kuhisi maumivu ulitolewa mwaka 1980 na Alan Gintzler, mtafiti wa New York. Aliwachunguza panya wenye mimba kwa kuwagusisha miguu kwenye umeme hafifu. Siku za kuzaa zilipokaribia, panya hao walistahimili umeme mkali zaidi, na ustahimilivu huo ulifika kilele muda mfupi kabla ya kuzaa. Walipopewa naltreksoni, dawa inayoziba vipokezi vya mofini, ustahimilivu ulitoweka. Baadaye ilionekana kwamba hata panya asiye na mimba hupata hali hiyo akipewa estrojeni na projesteroni kwa viwango vya mimba, na kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye uti wa mgongo, kwa msaada wa dainofini, nduguye endofini. Kwa wanawake pia, vipimo vya maumivu vilivyofanywa katika wiki za mwisho za mimba vimeonyesha ustahimilivu ukiongezeka.

Kondo la nyuma nalo hutengeneza beta-endofini. Na katika wanyama, kemikali za jamii hii zina kazi nyingine isiyosemwa sana: huzizuia seli za ubongo zinazotoa oksitosini zisiitumie kabla ya wakati. Oksitosini ndiyo inayoukaza mji wa mimba. Watafiti wa Edinburgh waliochunguza panya walieleza kwamba kwa kizuizi hicho akiba hujikusanya, na saa ya kuzaa ikifika inapatikana ya kutosha.

Hata hivyo, mjamzito yeyote wa miezi minane atakwambia kwamba mgongo unauma, miguu inavimba na usingizi hauji. Maandalizi haya ni ya ndani, hayamwondolei adha za kila siku.

Ndani ya leba

Mtazame mama aliye leba na njia imefunguka sentimita sita. Uchungu unamjia kila baada ya dakika tatu hivi na kudumu karibu dakika moja. Unapoanza, anashika chuma cha kitanda, pumzi inakuwa fupi, jasho linamtoka juu ya mdomo. Unapofika kileleni anaguna kwa sauti ambayo hajawahi kuitoa mbele za watu. Kisha unashuka. Mabega yanalegea, macho yanafumba, na ukimuuliza jina la baba wa mtoto hajibu. Unaweza kudhani amesinzia. Dakika mbili baadaye unaanza upya. Wakunga wazoefu wanaijua hali hii ya kuzama baina ya uchungu na uchungu, na wengi hawapendi mama asumbuliwe kwa maswali wakati huo.

Ndani ya mwili, taarifa za maumivu kutoka mji wa mimba huingia kwenye uti wa mgongo sehemu ya chini ya kifua na juu ya kiuno. Hapo kemikali za jamii ya mofini zinaweza kupunguza nguvu ya taarifa kabla haijapanda ubongoni. Kwenye damu, beta-endofini hupanda kadiri uchungu unavyokolea na kufikia juu kabisa karibu na mtoto kutoka. Mama anayepewa epidurali, yaani dawa ya ganzi inayopitishwa mgongoni, kiwango chake hushuka, kwa sababu mwili haupokei tena taarifa ya msukosuko.

Hapa ndipo waandishi wengi hupotea njia. Wanasoma kwamba endofini hupanda leba, wakahitimisha kwamba uchungu unajitibu wenyewe. Lakini beta-endofini iliyo kwenye damu haivuki kirahisi kuingia ubongoni, kwa hiyo kipimo cha damu hakituelezi kinachoendelea mahali ambapo maumivu huhisiwa. Zaidi ya hapo, kiwango huwa juu kabisa wakati ule ule ambao mama analalamika zaidi. Ronald Melzack wa Montreal, Kanada, aliyebuni dodoso la kupimia maumivu mwaka 1975, alilitumia kwa akina mama waliokuwa leba. Kwa wastani, uchungu wa uzazi ulipata alama za juu kuliko maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Alikuta tofauti kubwa baina ya mama na mama: wachache walisema yalikuwa maumivu ya wastani, wengine waliyaita yasiyovumilika. Waliopata mafunzo ya kujiandaa walipata nafuu kiasi, lakini wengi wao bado waliumia sana. Wote walikuwa na miili inayotengeneza endofini.

Hofu, na hekaya ya mwanamke asiyeumia

Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read aliandika mwaka 1933 kwamba hofu huleta kukakamaa, na kukakamaa huleta maumivu. Kwa kiasi fulani alipatia. Mama akiogopa, mwili humwaga adrenalini, na adrenalini nyingi huweza kulegeza mji wa mimba na kurefusha leba. Utafiti wa Regina Lederman huko Marekani uliihusisha hofu na adrenalini nyingi, na adrenalini nyingi na leba iliyochelewa.

Lakini Dick-Read aliamini pia kwamba wanawake aliowaona kuwa hawajaguswa na ustaarabu, wa Afrika wakiwamo, huzaa bila maumivu ya maana. Hiyo ni hekaya ya kikoloni, na cha kusikitisha ni kwamba tumeirithi. Mara ngapi tumesikia kwamba bibi zetu walijifungulia shambani wakarudi kuendelea na palizi? Waliorudi shambani ndio waliobaki kusimulia. Waliofia njiani, au wakabaki na fistula wakitengwa na majirani, hawamo kwenye simulizi hilo. Endofini walikuwa nayo pia.

Kinachomsaidia mama

Kwa kuwa endofini haipimiki kitandani, ni busara kuuliza swali jingine: ni mambo gani yaliyopimwa yakaonekana kumfaa mama? La kwanza ni mtu wa kukaa naye. Uchambuzi wa mtandao wa Cochrane uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya tafiti 26 kutoka nchi 17, zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kuwatia moyo muda wote walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi, leba yao ilikuwa fupi, na walihitaji dawa za maumivu na upasuaji kwa kiasi kidogo zaidi. Haijathibitishwa ni endofini kiasi gani iliyochangia hapo, na mama hahitaji kujua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka jambo hilo katika mapendekezo yake 56 ya huduma wakati wa kujifungua: kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe.

Kwetu suala hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya watoto huzaliwa katika vituo vya afya. Kazi kubwa ya kuwafikisha akina mama hospitalini imefanyika. Swali la sasa ni wanakuta nini wakifika. Katika wodi nyingi ndugu huishia mlangoni na kapu la kanga na chupa ya uji, na mama huingia peke yake. Sababu inayotolewa ni faragha: vitanda vimepangwa kwa mfululizo na mapazia hayapo. Mkoani Kigoma ulifanyika mradi wa majaribio katika vituo vya serikali, ambapo akina mama waliruhusiwa kuwa na msindikizaji, na ukaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana hata pasipo majengo ya kifahari. Nchini Kenya, utafiti wa mradi wa Heshima katika vituo 13 ulikuta kwamba mwanamke mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa au kutendewa vibaya wakati wa kujifungua. Mwanamke anayefokewa, au anayepigwa kofi la paja asukume, hawezi kuambiwa kwamba mwili wake utamtunza.

La pili ni dawa. Pethidini hufanya kazi kwenye vipokezi vilevile vya endofini. Huleta nafuu ya wastani, na inaweza kupunguza upumuaji wa mtoto ikitolewa karibu na kujifungua. Epidurali huondoa maumivu vizuri zaidi, na tafiti zilizokusanywa hazikuonyesha kwamba inaongeza upasuaji. Inahitaji mtaalamu wa usingizi na uangalizi wa karibu, na ndiyo maana Afrika Mashariki hupatikana zaidi katika hospitali kubwa na za binafsi. Kusema kwamba inaua endofini ni kweli nusu: endofini hushuka kwa sababu kilichokuwa kinaipandisha kimeondoka. Mama aliyeichagua hajapoteza chochote cha uzazi wake. Na pasipo na epidurali, bado kuna kutembea, kukandwa mgongo, maji ya vuguvugu na mkao anaoupenda mwenyewe.

Baada ya mtoto kutoka

Ndani ya siku ya kwanza, beta-endofini iliyokuwa kwenye damu ya mama hushuka. Nyingine humfikia mtoto kwa njia ya maziwa. Watafiti wa Italia waliripoti mwaka 2001 kwamba maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya njano, yalikuwa na beta-endofini nyingi zaidi kwa akina mama waliojifungua kwa njia ya kawaida kuliko kwa waliofanyiwa upasuaji. Endofini pia huchochea prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa. Hilo lisimtishe mama wa upasuaji; maziwa yake ni kamili, na mtoto akinyonya mara kwa mara prolaktini hupanda.

Mtoto naye ana mfumo wake. Mtoto mchanga akiwekwa ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, au akinyonyeshwa wakati anatobolewa kisigino kutolewa damu, hulia kidogo. Katika wanyama wachanga, utulivu unaoletwa na ladha tamu hutoweka vipokezi vya mofini vikizibwa, ishara kwamba faraja ya awali kabisa ya kiumbe hupitia njia hizi.

Panya hula kondo la nyuma baada ya kuzaa, na kwao kweli huongeza nguvu ya kutuliza maumivu. Hilo limewafanya wanawake wa baadhi ya nchi za Magharibi wakaushe kondo na kulimeza kama vidonge. Faida kwa binadamu haijaonekana, hatari imeonekana. Mwaka 2017 mamlaka za afya za Marekani ziliripoti mtoto wa Oregon aliyeugua maambukizi ya bakteria yaliyohusishwa na vidonge hivyo.

Kitandani

Madai kuhusu tendo la ndoa ndiyo yaliyotiwa chumvi zaidi. Jambo la uhakika lilipatikana mwaka 1985, Beverly Whipple na Barry Komisaruk walipopima maumivu ya kidole kilichobanwa kwa wanawake waliokuwa wakijisisimua ukeni. Walipofika kileleni, ilihitajika nguvu zaidi ya mara mbili ya kawaida kabla hawajasema wanaumia, ilhali uwezo wao wa kuhisi mguso mwepesi haukubadilika. Kwa hiyo haikuwa ganzi wala kupitiwa na mawazo. Maumivu peke yake ndiyo yaliyozuiwa. Njia za neva zinazohusika ni zilezile zinazosukumwa na kichwa cha mtoto kikishuka. Watafiti hao wakaona uhusiano: huenda kinga inayomsaidia mzazi ndiyo inayoonekana katika mapenzi.

Lakini watafiti wa Ujerumani walipochukua damu ya wanaume kabla na baada ya kufika kileleni, prolaktini ilipanda, beta-endofini haikubadilika. Kama inatoka, basi inatoka ndani ya ubongo, na haionekani kwa sindano ya mkononi. Tahadhari hiyo inafaa hata kwa mfano maarufu wa raha ya wakimbiaji. Mwaka 2008 picha za ubongo zilizopigwa Munich ziliihusisha raha hiyo na endofini. Mwaka 2021 wakimbiaji waliozibwa vipokezi vya mofini waliendelea kuipata. Raha haina kemikali moja.

Kwa wanandoa wanaotarajia mtoto, hoja za maana ni nyepesi. Mimba isiyo na tatizo haizuii tendo la ndoa. Kutokwa damu, kupasuka kwa chupa au kondo lililokaa chini ni sababu za kusitisha na kwenda hospitali. Baada ya kujifungua, mama anayenyonyesha mara nyingi hukosa hamu kwa sababu prolaktini iko juu na estrojeni iko chini. Mume asidhani amechukiwa. Na ile imani ya kubemenda mtoto, kwamba mzazi akishiriki tendo wakati ananyonyesha mtoto atadhoofika, haina msingi katika maziwa: maziwa hayaharibiki. Kinachomdhoofisha mtoto ni mimba ya haraka inayomwachisha ziwa mapema, na hiyo ina dawa yake kwenye huduma za uzazi wa mpango.

Mfumo huu una upande wa pili. Endofini nyingi, au dawa za jamii yake kutoka nje, huzima homoni za uzazi kutoka kwenye ubongo. Ndiyo sababu wanawake wanaotumia heroini, ile mateja wanayoiita unga, hukosa hedhi na wengi huamini hawawezi kushika mimba. Wanaweza. Mimba ikitunga, kukatisha unga ghafla na kupata arosto, yaani mateso ya kuukosa, ni hatari kwa mama na mtoto; njia salama ni kliniki ya methadoni, dawa mbadala ya heroini, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011.

Hukumu

Endofini ni ushahidi kwamba mwili wa mwanamke umeandaliwa kwa kazi ya uzazi. Haithibitishi kwamba umeandaliwa kuifanya peke yake, wala kwamba uchungu ni deni ambalo lazima alilipe lote. Anayeisifia endofini na papo hapo kumfungia msindikizaji mlango, au kumcheka mama anayeomba dawa, anaitumia sayansi kinyume.

Kwako mjamzito: ukienda kliniki, uliza mambo mawili mapema. Je, nitaruhusiwa kuwa na mtu wangu leba? Na hospitali hii ina nini cha kutuliza uchungu? Kwako mume, dada au mama mkwe: kuwapo kwako ni tiba iliyopimwa ikathibitika. Na kwa wanaopanga bajeti za afya: mapazia baina ya vitanda, kiti kimoja cha msindikizaji na wakunga wa kutosha si anasa. Pazia na kiti vinagharimu kidogo kuliko upasuaji ambao ungeweza kuepukwa.